Koleo Lipi kwa Kazi Ipi?

Wahunzi wa zamani wa Ufipa walishika chuma cha moto kwa koleo. Koleo la dukani, ambalo mafundi huliita plaizi, ni ndugu yake. Lina mikono miwili, pini ya katikati na mdomo. Mikono ni mirefu kuliko mdomo, ndiyo maana nguvu ndogo ya kiganja huwa kubwa mdomoni.

Koleo la kawaida lina mdomo mpana wenye meno, na karibu na pini lina makali ya kukatia waya. Waya mgumu usiuweke nchani. Usogeze ndani, utakatika upesi.

Lipo pia koleo la mdomo mrefu mwembamba. Sisi wa Wampembe, watu wa ziwani, tunatolea ndoana kooni mwa samaki. Kidole cha nini, na samaki ana meno?

Lakini kosa moja tunaliona kila mara: mtu anafungua nati ya injini ya boti kwa plaizi! Plaizi inateleza, inakula pembe za nati, nati inakuwa duara. Baadaye hata spana haishiki. Fikirini hayo yatukute mbali na nchi kavu, upepo umeanza. Nati inataka spana ya kipimo chake. Kama hatuna, tuazime kabla ya kuondoka.

Mpira wa kwenye mikono mara nyingi huzuia kuteleza tu. Tukitaka kugusa waya wa umeme, tuzime kwanza.

Tukirudi, tulifute koleo maji na kutia tone la oili kwenye pini. Likishikwa na kutu halifunguki.