Anayechungulia Karata Zako: Kujikinga na Programu za Kijasusi Unapocheza Poka au Kubeti Mtandaoni

Oktoba ikifika na minada ya korosho ikianza, simu za hapa Mbesa, wilayani Tunduru, huwa na shughuli nyingi. Mkulima amepeleka mzigo chama cha msingi, mzigo umeingia stakabadhi ghalani, malipo yameshuka kwenye akaunti ya benki, na kutoka benki anavuta kiasi kuja kwenye simu kwa ajili ya ada, bati au mafuta ya pikipiki. Ikifika saa tatu usiku, simu hiyohiyo inaazimwa na kijana wa nyumbani. Anacheza poka, anarusha kindege, ule mchezo wa kubeti kwenye simu, anaweka mkeka wa mechi za Jumamosi. Naandika kwa ajili ya simu hiyo moja yenye kazi mbili, na kwa wenzetu wenye kompyuta mpakato pia, maana mwizi ninayemzungumzia anaingia kote kwa mlango mmoja.

Mwizi huyo ni programu ya kijasusi. Ni programu inayojificha ndani ya simu au kompyuta, inatazama unachofanya, kisha inampelekea habari mtu mwingine kwa kutumia bando lako mwenyewe. Zipo zinazonakili kila herufi unayobonyeza, zikiwemo za nywila, yaani neno la siri. Zipo zinazopiga picha ya skrini kila baada ya muda mfupi, na zipo zinazosoma meseji zako kabla hujazisoma wewe. Nyingine zinampa mtu aliye mbali uwezo wa kuitumia kompyuta yako kana kwamba ameketi mbele yake.

Kwa mchezaji wa poka hasara yake ni rahisi kuielewa. Poka ni mchezo wa kuficha karata, na mwenzako akiziona, hata uwe fundi kiasi gani, umeshashindwa. Jambo hili limekwishatokea. Septemba 2015 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET, yenye makao yake Slovakia, ilitangaza kugundua programu ya kijasusi iliyopewa jina la Odlanor. Ilikuwa inatulia tu ndani ya kompyuta, ikisubiri mtu afungue PokerStars au Full Tilt Poker. Akifungua, inapiga picha za skrini zinazoonyesha karata alizoshika na jina lake la mchezo, na kumtumia mwizi. Mwizi naye anamtafuta kwa jina hilo, anakaa naye meza moja na kucheza huku anajua kila kitu. Wengi waliokumbwa walikuwa Ulaya ya Mashariki.

Iliingiaje? Wenyewe ndio walioipakua. Ilikuwa imefichwa ndani ya programu za kawaida zilizochukuliwa kwenye tovuti zisizo za watengenezaji wake, na ndani ya programu za kuwasaidia wachezaji wa poka kupiga mahesabu na kuwachunguza wapinzani. Jambo hili lishike, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kuliko yote nitakayoyasema. Chambo kilikuwa ni ahadi ya kumjua mwenzako kuliko anavyokujua, na aliyekimbilia ahadi hiyo ndiye aliyechunguliwa.

Kisa kingine ni cha Jens Kyllönen, mchezaji wa poka wa Finland. Mwaka 2013 alikuwa Barcelona kwenye mashindano, akarudi chumbani hotelini na kukuta kompyuta yake haipo, kisha baadaye akaikuta imerudi mahali pake. Alishuku, akaipeleka kwa wataalamu wa kampuni ya F-Secure, nao wakakuta imepandikizwa programu ya kuitawala kwa mbali. Hapa hakukuwa na kupakua chochote, ila mtu alipata nafasi ya kuishika kompyuta kwa mkono wake. Kwa hiyo weka nywila ya kufungulia kompyuta na simu, na usiiache wazi kwa fundi, kwa rafiki au kwenye kibanda cha kuchaji huku akaunti zako ziko hewani.

Huku kwetu poka haijashika sana, kinachoshika ni kindege na mikeka, lakini chambo hakijabadilika. Kwenye magroup ya WhatsApp na Telegram kunazunguka mafaili yanayodai kutabiri kindege kitaanguka wapi. Hakuna simu inayoweza kujua hilo, kwa sababu matokeo ya mchezo hayapatikani kwenye simu yako. Yanatoka kwenye kompyuta za wenye mchezo, na simu yako inaonyeshwa tu. Kwa hiyo faili linalodai kutabiri halina cha kutabiri, lina kazi nyingine.

Kijana mmoja jirani yangu aliniletea simu yake ikiwa ya moto kama imeanikwa juani, na bando la wiki lilikuwa linaisha kwa siku mbili. Tulifungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, tukaingia sehemu ya programu na kuzipitia moja baada ya nyingine. Chini kabisa kulikuwa na moja isiyo na picha wala jina, nafasi tupu tu. Tulipoigusa tukaona ruhusa ilizopewa: kusoma meseji, na kutumia huduma ya ufikivu. Huduma hiyo iliwekwa kuwasaidia wasioona vizuri, ili simu iwasomee kilichoandikwa kwenye skrini. Programu mbaya ikipewa ruhusa hiyo, nayo inasoma kila kilichopo kwenye skrini, na inaweza hata kubonyeza kwa niaba yako. Alipoulizwa, kijana alikumbuka: “Si ile ya kindege, bro? Niliifuta siku ileile.” Alichofuta ni kile kilichoonekana.

Sasa tuanze na simu yako. Fungua Play Store, gusa duara la picha yako juu kwenye kona, kisha gusa Play Protect na uiruhusu kuchanganua simu. Ni bure, na inakula bando dogo sana. Baada ya hapo rudi kwenye Mipangilio, pitia orodha yote ya programu, na kila usiyoikumbuka ichunguze. Nenda sehemu ya ufikivu uone ni programu zipi zimewashwa. Kama hakuna mtu mwenye shida ya macho anayetumia simu hiyo, kwa kawaida pasiwe na kitu hapo. Kisha tafuta ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana, yaani kuingiza programu zisizotoka Play Store, na uizime kwa kila programu iliyoorodheshwa, hasa WhatsApp, Telegram na kivinjari unachoingilia kwenye intaneti.

Programu ikikataa kufutika, mara nyingi imejifanya msimamizi wa kifaa. Ingia sehemu ya usalama ndani ya Mipangilio, tafuta wasimamizi wa kifaa, iondolee cheo hicho, kisha rudi uifute. Ikigoma tena, safisha simu yote irudi kama ilivyotoka dukani. Kabla ya hapo hamisha picha na namba za watu tu, usihamishe faili la programu hata moja, na hakikisha unaikumbuka nywila ya akaunti yako ya Google, kwa sababu simu inaweza kukuuliza. Kazi hiyo unaifanya mwenyewe, haihitaji fundi.

Kwa wenye kompyuta ya Windows, kinga ya kwanza mnayo tayari wala haiuzwi. Inaitwa Microsoft Defender. Bonyeza alama ya Windows, andika Windows Security, na ifungue yenye picha ya ngao. Ingia kwenye ulinzi dhidi ya virusi, fungua machaguo ya ukaguzi na uchague Full scan, yaani ukaguzi kamili. Iache usiku kucha ikiwa kwenye umeme. Ukiwa na shaka kubwa, chagua ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Huo huizima kompyuta na kuiwasha upya, ukaguzi unafanyika kabla programu nyingine hazijaamka, na huchukua takriban dakika 15. Hifadhi kazi zako kabla ya kuubonyeza.

Lakini kinga hiyo mara nyingi tunaizima wenyewe. Ukinunua kompyuta ya mtumba, au ukiipeleka kwa fundi akuwekee Windows, hutokea ukapewa ya kukreki, yaani iliyovunjwa ufunguo wake. Mafaili ya kuvunjia ufunguo hukutaka uzime kinga kwanza ndipo uyasakinishe. Ukiambiwa hivyo, na fundi, na video ya YouTube au na rafiki, acha hapohapo. Anayetaka mlinzi akalale kabla hajaingia si mgeni wa kumkaribisha.

Angalia pia toleo la Windows yako. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nyingi zilizobaki nayo hazizibiwi tena matundu mapya yanayogunduliwa. Kama kompyuta yako ina sifa zinazotakiwa, kuhamia Windows 11 ni bure, ila faili lake linazidi gigabaiti 5, basi subiri bando la usiku au uende mjini kwenye intaneti isiyopimwa. Kama haina sifa hizo, itumie kuandikia barua na kuangalia picha, usiitumie kwenye pesa.

Tabia nyingine ya Windows inawaponza wengi. Huficha herufi za mwisho za jina la faili. Unaletewa kitu kinachosomeka “mbinu_za_poka.pdf”, unadhani ni kitabu, kumbe jina lake kamili ni “mbinu_za_poka.pdf.exe”, na hizo herufi exe maana yake ni programu itakayofanya kazi ukiigusa. Fungua folda yoyote, nenda juu kwenye menyu ya View, na uwashe maonyesho ya herufi za mwisho za majina ya mafaili. Ni sekunde chache, na utaanza kuona kilichokuwa kimefichwa. Flashi iliyotoka steshenari au kwa rafiki nayo usiifungue kabla ya kuikagua: iguse kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kuichanganua kwa Defender.

Kama kompyuta inatumika na watu wengi nyumbani, fungua akaunti ya pili kwenye mipangilio ya akaunti, iwe ya kawaida na si ya msimamizi, na michezo yote ichezwe humo. Programu ikitaka kusakinishwa, mara nyingi Windows itaomba nywila ya msimamizi, na hapo utapata nafasi ya kuuliza ni nini hiki. Kwenye kompyuta ya steshenari, ambako watu mia wamepita na flashi zao, usiingie akaunti yenye pesa kabisa, iwe ya poka au ya benki.

Je, utajuaje kama kampuni unayochezea ni halali? Michezo ya kubahatisha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na unaweza kuulizia leseni kupitia tovuti yake, gamingboard.go.tz. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Pakua programu kutoka Play Store au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe uliyoiandika kwa mkono wako, si kwa kugusa kiungo ulichotumiwa. Ikikuomba ruhusa ya kusoma meseji zako, ikatalie. Leseni haikuhakikishii ushindi, na mimi sikushauri uiweke pesa ya korosho mezani. Nakushauri usiibiwe hata ile uliyokubali kuipoteza.

Na kama umeshaibiwa? Usikae unabishana na simu iliyoambukizwa, zima intaneti yake. Chukua simu nyingine na upige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, uombe wazuie muamala na akaunti, kisha upige benki. Badilisha nywila na PIN ukiwa kwenye simu salama, maana ukibadilisha kwenye iliyoambukizwa, mwizi anasoma na ile mpya. Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, nawe utaelekezwa utume na namba iliyoiandika. Piga pia *106# uone kama kuna laini isiyo yako iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako. Halafu nenda polisi ukachukue RB, kwa sababu kuingilia kompyuta au simu ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na mara nyingi benki na mitandao watakuuliza hiyo karatasi. Nenda na picha za skrini, tarehe, saa na kumbukumbu namba za miamala.

Yule kijana tuliisafisha simu yake yote, ikarudi kama mpya. Halafu tukafanya jambo moja ambalo naomba kila nyumba ya hapa ilifanye kabla malipo ya mnada hayajaingia. Laini inayopokea pesa za familia tuliitoa kwenye simu janja na kuiweka kwenye kitochi cha mama yake. Kitochi hakipokei faili la kindege, wala hakina WhatsApp ya kuletewa viungo. Menyu ya M-Pesa, *150*00#, inafanya kazi humo vilevile, na za mitandao mingine pia. PIN tuliibadilisha hapohapo barazani, mama akiibonyeza mwenyewe, sisi tumegeukia upande wa mikorosho.