Tujifunze Kutokana na Sinema: Kisasi Katika Picha ya Sholay



Hapa Mlowo, kama ilivyo kando ya barabara kuu yote ya kwenda Tunduma, watu wanapenda kuangalia picha za video. Picha za kulipiza kisasi zinapendwa sana. Leo tutazungumza juu ya picha moja ya Kihindi iitwayo Sholay. Ilitolewa mwaka 1975. Tutaangalia uzuri wake na kasoro zake.

HADITHI YENYEWE
Thakur alikuwa ofisa wa polisi. Alimkamata jambazi Gabbar Singh, akafungwa jela. Gabbar akatoroka. Akaenda nyumbani kwa Thakur, akaua karibu familia yake yote, hata mtoto mdogo. Thakur akashikwa na hasira, akamfuata peke yake. Gabbar akamkamata na kumkata mikono yote miwili.

Baadaye Thakur aliwatafuta wahalifu wawili hodari, Veeru na Jai. Akawalipa wamletee Gabbar akiwa hai, ili amwadhibu mwenyewe.

UZURI WAKE
Kwanza, picha hii inaonyesha uchungu wa mtu aliyetendewa ubaya. Mkulima aliyeibiwa kahawa aliyoihangaikia mwaka mzima anamwelewa Thakur.

Pili, inaonyesha kwamba hofu ndiyo mtaji wa jambazi. Wanakijiji wa Ramgarh walikuwa wakimpa Gabbar nafaka yao kwa kumwogopa. Nguvu zake zilianza kupungua siku nafaka hiyo ilipokataliwa.

KASORO ZAKE
Katika sinema tunaonyeshwa kila kitu. Tumemwona Gabbar akiua, basi hatuna shaka. Kijijini sivyo. Tuchukue mfano. Usiku inapigwa yowe: "Mwizi! Mwizi!" Kijana mmoja mgeni anakimbia. Je, anakimbia kwa sababu ameiba, au anaogopa mawe? Hakuna aliyemwona akiiba. Akipigwa na kuchomwa moto, na asubuhi mwizi mwenyewe akajulikana, nani atamrudishia uhai wake? Mchezaji wa sinema "akifa" huamka, akaenda zake kula. Huyu haamki.

Tena, picha hii ilikuwa na miisho miwili. Katika mwisho wa kwanza, Thakur alimuua Gabbar kwa miguu yake. Wakaguzi wa filamu wa serikali ya India waliukataa mwisho huo. Ukatengenezwa mwingine: Thakur anataka kuua, polisi wanafika, Gabbar anakamatwa. Watu wengi duniani waliona mwisho huu wa pili. Wapo wanaosema haukukata kiu yao. Lakini kiu ya hasira si haki.

SHERIA YETU INASEMAJE?
Sisi Tanzania tunajua ulinzi wa wananchi. Sungusungu walianza Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupambana na wizi wa ng'ombe. Mwaka 1989 sheria iliwatambua. Kazi yao ni kulinda na kukamata, si kuua. Baadhi walipovuka mpaka huo, watu waliuawa kwa kushukiwa tu kuwa wachawi.

Hata raia wa kawaida anaruhusiwa kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa. Lakini lazima amfikishe polisi bila kuchelewa. Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mshitakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ametenda kosa. Anayeua kwa makusudi anashitakiwa kwa mauaji, hata kama aliyeuawa alikuwa mwizi kweli.

Wengine watasema: "Tukimpeleka polisi, kesho anarudi!" Kweli, inaudhi. Basi tusiishie kumfikisha kituoni. Twende tukatoe ushahidi mahakamani. Kesi isiyo na mashahidi hufa. Wenye mawe wanapatikana upesi. Mashahidi ndio adimu.

MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini Thakur alikatwa mikono? Hasira ilimsaidia?
2. Ni mwisho upi wa picha hii unaofaa kwa kijiji chenu? Kwa nini?
3. Yowe likipigwa leo usiku, nani atasimama mbele na kusema: "Asipigwe, apelekwe polisi"?