Robo anakimbia, robo inauzwa: upatanisho wa uhai katika Kingwana cha watoto wa Kindu

1. Swali lilikotoka

Mpwa wangu mwenye miaka tisa, mkazi wa Mikelenge, ana kopo la maziwa ya unga lililojaa roboti wadogo wa plastiki. Kila mmoja ana urefu wa kidole. Katika kopo la pili kuna vifaa vyao: panga, bunduki, mabawa, kofia za vita na mikono ya kubadilisha. Vyote hivyo huuzwa sokoni ndani ya mifuko midogo. Jumapili baada ya misa, yeye na wenzake watatu humwaga makopo yao juu ya mkeka na kuanza kubadilishana. Mabawa mawili ni sawa na panga moja refu.

Msomaji makini amekwisha kunikamata: nimeandika «roboti wadogo», si «roboti ndogo». Makala haya yanahusu jambo hilo hilo.

Katikati ya mwaka wa masomo, mpwa wangu alirudi nyumbani na daftari lenye alama ya wino mwekundu. Alikuwa ameandika: «Roboti anatembea haraka.» Mwalimu alikata kiambishi «a-» akaweka «i-», bila maelezo. Mtoto aliniuliza: «Mujomba, juu ya nini "mbwa anatembea" ni sawa?» Nikamjibu kama kitabu kilivyonifundisha: mbwa ana uhai, roboti hana. Alinitazama, kisha akasema kwamba basi Kiswahili hakijui, na tangu siku hiyo akawa anaomba kuandika insha zake kwa Kifaransa. Hilo liliniuma. Ndipo nilipoketi kando ya mkeka na kuanza kusikiliza.

2. Sheria inasema nini

Katika Kiswahili sanifu, nomino ya kiumbe hai hupatanishwa kwa «a-» na «wa-» hata kama umbo lake ni la ngeli nyingine. Ashton alilieleza jambo hili katika sarufi yake ya mwaka 1944, na kila mwanafunzi wa kitivo chetu analijua: «kiongozi amefika», «simba wamelala», «daktari anakuja». Umbo la nomino husema jambo moja, maana yake husema jingine, na maana ndiyo inayoshinda.

Kingwana chetu kina sheria hiyo hiyo, isipokuwa wingi wake ni «ba-»: «batoto banacheza», «simba banalala». Nasisitiza hili kwa sababu hata hapa kitivoni husemwa kwamba Kingwana kimepoteza ngeli. Mimi mwenyewe niliandika hivyo katika kazi yangu ya mwaka wa pili, na leo naifuta kauli hiyo.

3. Ushahidi upi unafaa

Kabla ya kutazama mifano, tuondoe ushahidi usiotusaidia. Kimilikishi hakitusaidii, kwa maana Kingwana husema «mutoto yangu», «mbwa yangu» na «panga yangu» bila kutofautisha. Kionyeshi vilevile: «ile mutoto», «ile meza». Hata «iko» haifai, kwa sababu tunasema «baba iko ku nyumba» na baba bado ni mtu. Kipunguzi nacho hufunika tofauti: katika «karobo kanakimbia», kiambishi «ka-» hupatanishwa na «ka-» kwa kitu na kwa kiumbe sawasawa.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Wakisikia «mutoto yangu iko», huhitimisha kwamba ngeli zimekufa. Tofauti ya uhai imehamia mahali pachache tu: kiambishi cha mtenda katika kitenzi, kiambishi cha mtendwa, na kiambishi cha wingi. Basi tusikilize huko.

4. Mifano ya mkekani

(1) Robo anakimbia, anaruka mutaro.
(2) Barobo banapigana.
(3) Hii marobo inauzwa wapi?

Sentensi zote tatu zilitoka kinywani mwa mtoto mmoja, asubuhi moja. Katika (1) na (2), mchezo unaendelea: robo ana nia, ana adui, naye hupata «a-» na «ba-». Katika (3), mtoto anazungumzia bidhaa. Nomino ni ile ile, lakini wingi umekuwa «ma-» na kitenzi kimepata «i-».

Mtu anaweza kusema kwamba kinachoamua ni mwendo: kinachotembea kipewe «a-». Jibu la watoto liko katika mfano ufuatao, uliosemwa juu ya kichezeo kinachokunjwa na kugeuka gari:

(4) Robo anasimama. Sasa ni gari, inakimbia.

Gari linakwenda kasi kuliko robo, lakini linapata «i-». Plastiki ni ile ile, mkono unaoisukuma ni ule ule. Kilichobadilika ni sura tu. Mara magurudumu yanapokunjwa na kichwa kutokea, «a-» hurudi. Kwa bahati njema ya mwanaisimu, vichezeo vya namna hii vimeenea duniani: Diaclone na Microman za kampuni ya Takara ya Japani ndizo zilizozaa vingi vya Transformers, ambavyo kampuni ya Hasbro ilianza kuviuza Marekani mwaka 1984. Jaribio hili linaweza kurudiwa popote panapozungumzwa Kiswahili.

5. Mwili na piyesi

Vifaa vya kopo la pili watoto huviita «piyesi», neno lile lile la mafundi wa pikipiki. Piyesi siku zote ni kitu. Jambo la kuvutia ni mpaka kati ya piyesi na mwili. Kiswahili kina muundo maalumu wa viungo vya mwili: «Juma amevunjika mguu», ambapo mwenye kiungo ndiye kiima. Kwa mali ya kawaida muundo huo hauwezekani. Hatusemi *«Juma amevunjika kiti». Tunasema «kiti chake kimevunjika». Sasa tazama:

(5) Robo amevunjika mukono.
(6) Panga yake imevunjika.
(7) *Robo amevunjika panga.

Nilipowauliza watoto kuhusu (7), walicheka. Nikachukua mkono wa kubadilisha, ambao ulikuwa ungali kwenye kopo, nikawaonyesha ufa wake. Wakasema: «Mukono imevunjika.» Nikauchomeka kwenye bega la robo na kuuliza tena. Jibu likawa: «Amevunjika mukono.» Kwa hiyo kiungo si kile kilichozaliwa na mwili. Ni kile kilichoungwa nao na kuwa na umbo la kiungo. Panga nalo huchomekwa, lakini halina umbo la kiungo, hivyo hubaki mali.

Mabawa ndiyo yaliyoleta ugomvi. Mmoja alisema «amevunjika bawa», kama mtu anavyosema juu ya kuku. Mwingine alisema «bawa yake imevunjika». Wa kwanza alikuwa na robo asiyeshuka chini kamwe katika mchezo. Wa pili alikuwa akiyavua na kuyavisha mabawa kila mara. Sikuwasuluhisha. Kila mmoja alikuwa anafuata sarufi sahihi ya robo wake.

6. Neno lenyewe

Watoto wetu husema «robo», kwa kuwa neno limetufikia kupitia Kifaransa, ambacho hakitamki «t» ya mwisho. «Roboti» la vitabu vya Tanzania na Kenya limepitia Kiingereza. Chanzo ni kimoja: tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920, ambapo neno lilitokana na «robota» la Kicheki, yaani kazi ya shokoa. Roboti wa Čapek hawakuwa mashine za chuma. Walikuwa watu wa kuundwa, waliofanyishwa kazi hadi wakaasi. Kwa hiyo neno lilizaliwa likiwa tayari limesimama kati ya mtu na kitu.

Nchini mwetu limesimama pale pale. Mwaka 2013, Kinshasa iliweka kwenye njia panda roboti wa kuongoza magari, waliotengenezwa na chama cha mhandisi Thérèse Izay Kirongozi. Waliofuata mwaka 2015 walipewa majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Taa za barabarani hufanya kazi hiyo hiyo, lakini sijasikia mtu akizipa taa majina. Kilichopewa jina ni kile chenye kichwa, kifua na mikono.

7. Hitimisho

Mifano yangu imetoka kwa watoto wanne wa uwanja mmoja, na haitoshi kusemea Maniema nzima. Wenzangu wa ng'ambo ya Lualaba, huko Alunguli, wanaweza kufanya majaribio mawili: kichezeo kinachogeuka gari, na mkono uliotolewa kopo na kuungwa begani.

Hata hivyo, jambo moja limethibitika mbele yangu. Mtoto aliyeandika «roboti anatembea» alikuwa anaijua sheria ya uhai na kuitumia kwa uangalifu kuliko mimi nilivyomjibu. Uhai wa kisarufi si uhai wa biolojia. Kiswahili sanifu chenyewe humpa mwanasesere «a-», na katika hadithi hata jiwe likisema huweza kupewa «a-». Sisemi mwalimu aache kufundisha «roboti inatembea». Katika maelezo ya mashine, hiyo ndiyo inayofaa, na mtihani utaidai. Nasema amweleze mtoto kwamba ana sentensi mbili, na kila moja ina mahali pake. Wino mwekundu usio na maelezo ulimfundisha jambo moja tu: kwamba lugha ya mama yake si yake.

Mama huyo, dada yangu, alikanyaga robo mmoja jioni akiwa amebeba sufuria ya moto. Alisema kwa hasira: «Nitaitupa!» Mtoto akakimbia kutoka nje: «Mama, usimutupe!» Mmoja alisema «-i-», mwingine «-mu-», na hakuna aliyekosea. Baadaye nilimwandikia mpwa wangu sentensi hizo mbili kwenye daftari lake, moja chini ya nyingine, nikampigia mstari chini ya kila kiambishi. Alizisoma mara mbili, kisha akaniomba kalamu, akaongeza ya tatu chini yake, kwa Kiswahili.