Je, Mtu Ni Kama Samaki wa Ziwa?

Somo kwa wainjilisti, walimu na wazee wa Kanisa



Wale miongoni mwenu waliowahi kuvuka kwenda kisiwa cha Goziba, mbali katika maji ya wilaya ya Muleba, wajua ya kuwa wavuvi wa huko hawahesabu siku kama sisi tukaao migombani. Wao huhesabu kwa mwezi. Mbalamwezi ikiwapo, dagaa hawavutwi na taa, na mitumbwi hulala ufukoni. Giza likirudi, watu huingia ziwani usiku kucha. Katika giza la namna hiyo upepo ulipindua mtumbwi mmoja, na kijana wa kuajiriwa akafa maji. Mimi nilikuwapo kisiwani kwa ajili ya darasa la kipaimara, nikaombwa kumzika. Nikauliza jina lake. Wenzake walijua jina la utani tu. Nikauliza kwao ni wapi. Mmoja akasema hivi, mwingine vile. Tena nikasikia ya kuwa tajiri wa mtumbwi, alipopigiwa simu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Injini imepona?"

Baada ya mazishi alinijia mvuvi mmoja aliyesoma hata kidato cha nne. Akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Nataka kuuliza neno, lakini usinikasirikie." Nikamwitikia na kumwambia aulize. Akasema, "Shuleni tulifundishwa ya kuwa mtu ametokana na viumbe wa kale, na ya kuwa katika kushindana huko mwenye nguvu ndiye aliyesalia. Na hapa ziwani kila siku twamwona sangara akimmeza furu. Basi tajiri ana kosa gani? Hiyo si ndiyo asili yetu?"

Sikumjibu vema siku ile. Nilimwambia tu ya kuwa Biblia yasema vingine, naye akanyamaza kwa adabu, kama vijana wanyamazavyo wasiporidhika. Somo hili ndilo jibu nililopaswa kumpa, nanyi mfundishao hamtakosa kuulizwa vivyo hivyo.

Kwanza, tusiiogope elimu ya mambo ya kale. Mambo haya si hadithi zilizoletwa kutoka mbali; mengi yamechimbwa katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1959 Mary Leakey aliona fuvu la kale katika bonde la Olduvai, nalo umri wake wakadiriwa kuwa miaka ipatayo 1,750,000. Mwaka 1978 huko Laetoli zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka 3,600,000 iliyopita. (Mumewe Mary, yaani Louis Leakey, alizaliwa Kabete nchini Kenya, mwana wa wamisionari, kwa hiyo msidhani ya kuwa wote wachimbao mifupa wametoka katika nyumba zisizomjua Mungu.) Na ziwa letu lenyewe lina ushuhuda wake. Wataalamu waliotoboa matope ya chini yake wasema ya kuwa lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Na furu wetu, ambao aina zao zilifikia mia kadhaa, wengi wao walitokea humu baada ya maji kurudi. Mwalimu wa Kanisa akiyakana mambo haya mbele ya kijana aliyeyasoma, kijana hatayaacha aliyosoma, atamwacha mwalimu.

Tena, Maandiko yenyewe hayaoni haya kutuweka karibu na wanyama. Fungueni Mwanzo 1 mtaona ya kuwa mtu hakupewa siku yake peke yake. Aliumbwa siku moja na wanyama wa nchi. Katika Mwanzo 2:7 mtu huitwa nafsi hai, na wajuao Kiebrania hutuambia ya kuwa neno lilo hilo limetumiwa katika Mwanzo 1:20 kwa viumbe wa majini. Basi kwa pumzi yetu sisi ni jamaa ya samaki, na Musa aliyaandika hayo zamani sana kabla Charles Darwin hajatoa vitabu vyake mwaka 1859 na 1871. Hata Kiswahili chetu chashuhudia kidogo jambo hilo, maana twasema "mtu amelala" na "samaki amelala" kwa namna moja, wala hatusemi "samaki kimelala."

Tatizo la kijana yule, basi, halikuwa katika kutokana na viumbe wa kale. Lilikuwa katika neno moja dogo: "basi." Viumbe hushindana, *basi* tajiri hana kosa. Hapo ndipo kamba inapokatika. Darwin mwenyewe hakufundisha hivyo. Katika kitabu chake cha 1871 aliandika juu ya huruma na kusaidiana, akaona ya kuwa kabila lenye watu wengi walio tayari kusaidiana huwashinda wengine. Na Thomas Huxley, rafiki yake aliyeitetea elimu hiyo kuliko wote, wala hakuwa mtu wa Kanisa, alihutubu mjini Oxford mwaka 1893 akasema ya kuwa wema wa wanadamu hauji kwa kuiga mashindano ya viumbe, bali kwa kupigana nayo. Mambo yalivyo hayatuambii yapasavyo kuwa.

Na kama mtu akitaka kujifunza kwa sangara, ajifunze yote. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Watu ndio waliomleta, upande wa Uganda na wa Kenya, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, wakitumaini ya kuwa furu wadogo wenye miiba na wasio na bei watageuka kuwa nyama ya samaki mkubwa, apitaye hata kilo 100. Wengine miongoni mwa wataalamu walipinga, hawakusikiwa. Faida ilipatikana, tena nyingi: viwanda, fedha za kigeni, na siku hizi mabondo yauzwayo kwa bei inayowashangaza wazee. Lakini aina za furu zipatazo mia mbili zadhaniwa kuwa zimetoweka. Sasa niambieni, ndugu zangu: nani atamshitaki sangara? Yeye alikula kwa kuwa ana njaa. Swali la "Kwa nini?" twawauliza watu, nao huona ya kuwa imewapasa kujibu. Katika ziwa zima hakuna kiumbe mwingine awezaye kuulizwa hivyo.

Wanafalsafa nao wamelitazama jambo hili kwa njia nyingi. Thomas Hobbes wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1651 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi yake, aliona ya kuwa watu wasio na serikali ya kuwatisha wataishi katika vita vya kila mtu na mwenziwe. Jean-Jacques Rousseau, mwaka 1755, alisema kinyume: mtu kwa asili si mbaya, ila mali na maisha ya kushindana ndiyo yaliyomharibu. Nikiwa Goziba nilisikia mafundisho yote mawili jioni moja, kwa watu wasiojua majina hayo.

Wazee wetu wa Buhaya hawakuanza na mtu mmoja peke yake. Kwao mtu alikuwa mtu kwa kuwa na *oruganda*, yaani ukoo. Na mchoyo au mkatili huambiwa, "Huyu si mtu," ingawa ana mikono na miguu kama wengine. Fundisho hili ni la thamani, nami naliona kuwa bora kuliko la Hobbes. Lakini lina mpaka wake. Yule kijana aliyekufa maji hakuwa na ukoo kisiwani. Je, yeye si mtu? Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Rais wa Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani tangu 1977 hata 1984, alilifikiri sana jambo la ukoo na Kanisa, na kitabu chake juu yake kilitoka mwaka 1974. Swali hilo bado ni letu.

Sasa tumsikie Luther. Mwaka 1536 aliandika hoja juu ya mtu, akaanza na neno la wanafalsafa, ya kuwa mtu ni kiumbe mwenye akili. Hakulidharau, aliisifu akili kuwa kubwa kuliko vitu vyote vya maisha haya. Ila alisema ya kuwa neno hilo lamjua mtu wa kufa tu, wala halijui alikotoka wala aendako. Kisha akashika Warumi 3:28, akasema ya kuwa humo Paulo ameeleza kwa ufupi mtu ni nini: ni yule ahesabiwaye haki kwa imani. Angalieni vema. Hakumpima kwa nguvu, wala kwa akili, wala kwa ukoo, bali kwa jambo ambalo Mungu amtendea. Kwa kipimo hicho tajiri na mvuvi wake wasimama ubao mmoja.

Hapa sina budi kuwaonya walimu wenzangu, nami nikiwamo. Sisi pia tuna "asili" yetu ya kujificha nyuma yake. Mara ngapi twasema, "Sote ni wenye dhambi, tumezaliwa hivyo," na mwenye kudhulumu akaenda zake amefarijika? Ukiri wa Augsburg wa mwaka 1530, katika neno lake la pili, waita ugonjwa huo tuliozaliwa nao dhambi kweli kweli, yenye hukumu. Hautuachilii tuutumie kama cheti cha daktari.

Someni na darasa Habakuki 1:14–16. Nabii amlalamikia Mungu ya kuwa watu wamefanywa kama samaki wasio na mtawala, adui huwakokota kwa nyavu zake, kisha azitolea nyavu hizo sadaka. Nabii hakusema, "Ndiyo asili." Alilia. Nami niliposoma maneno hayo juu ya nyavu niliikumbuka ile injini.

Kijana aliyeniuliza nimempelekea jibu hili kwa mkono wa mwinjilisti. Naye amenirudishia habari: katika giza lililofuata aliwauliza wavuvi wa kambi nyingine, mmoja baada ya mwingine, hata akampata aliyetoka kijiji kimoja na marehemu. Jina lake sasa tunalo, lile alilopewa na wazazi wake, nalo limeandikwa katika kitabu cha mazishi cha usharika. Mama yake amepigiwa simu. Tajiri wa mtumbwi aliombwa nauli ili mama huyo aje kuliona kaburi, ametoa nusu.