Kunakili na Kuandika Muhtasari

Siku hizi mhadhara ukiisha, wanachuo wengi huinua simu, wakaupiga picha ubao, kisha wakatoka. Jioni picha hiyo imekwisha fika kwenye kundi la WhatsApp, na hata aliyekosa kipindi anayo. Hatuwalaumu, nasi enzi zetu tuliazimana madaftari. Twauliza tu kama somo nalo limemfikia mtu.

Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Marekani. Wanafunzi walisikiliza mihadhara mifupi, baadhi wakiandika kwa kalamu, wengine kwa kompyuta. Wenye kompyuta waliandika maneno mengi zaidi, na mengi yalikuwa ya mhadhiri mwenyewe. Katika jaribio la kwanza makundi yote mawili yalilingana katika kukumbuka mambo yaliyotajwa. Lakini kwenye maswali ya kueleza maana, wenye kalamu walishinda. Watafiti hao walieleza kwamba mkono haufuati kasi ya ulimi. Mwenye kalamu hulazimika kuchagua na kufupisha, na hapo ndipo anapofikiri. Baadaye baadhi ya wenye kompyuta walionywa wasinakili neno kwa neno. Wakanakili vile vile!

Hata hivyo, tusiigeuze kalamu kuwa hirizi. Majaribio hayo yaliporudiwa na wengine, katika taarifa za mwaka 2019 na 2021, tofauti ya alama haikuonekana wazi. Tabia ya kunakili ndiyo iliyojitokeza tena.

Jambo hili linamhusu sana mwalimu wa shule ya msingi, ambaye wanafunzi wake hawana simu wala kompyuta darasani. Wao hunakili kwa kalamu! Mtoto aweza kuhamisha ubao mzima wa mzunguko wa maji, kwa mwandiko mzuri, asijue mvuke hutoka wapi.

Utakapokwenda mazoezi ya kufundisha, jaribu hivi. Eleza somo, chora mchoro ubaoni, jibu maswali, kisha futa ubao. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu kwa maneno yake mwenyewe. Waliokaa pamoja wasomeane, ndipo urudishe mchoro wajisahihishe. Usikose kupita kati ya madawati, kwani makosa utakayoyaona ndiyo andalio la kipindi kinachofuata. Nawe usiku uliotangulia uwe umeizima ile picha ya simu, ukaandika sentensi zako tatu.

Mara ya kwanza wengi watabaki wakiutazama ubao mtupu. Wape muda.