Sikiliza Gumba Kwanza

Mjukuu: Babu, hii albamu uliyonipa ni mtu mmoja na gitaa lake kavu. Hakuna ngoma, hakuna besi. Imenishinda, nimeizima.

Babu: Nani kakwambia besi hakuna? Weka "Frankie". Maneno achana nayo kwanza, sikiliza kidole gumba. Kinatoka uzi mnene mmoja kwenda mwingine, kinarudi, hakipumziki mpaka wimbo uishe. Vidole vingine viko kwenye nyuzi nyembamba vinaimba, mara vinalitangulia pigo la gumba, mara vinachelewa makusudi.

Mjukuu: Hebu rudisha... Kumbe! Mimi nilidhani magitaa mawili. Mbona kama Jean Bosco Mwenda?

Babu: Umesikia vizuri. Bosco wa Katanga naye alicharaza hivyo, gumba na kidole cha shahada. Ila wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa 1952, na huyu Mississippi John Hurt nyimbo zake hizi 13 ni za 1928. Kampuni ya Okeh ilimrekodi Memphis mwezi wa pili, ikamwita New York mwezi wa kumi na mbili. Kisha mdororo wa uchumi ukaja, akarudi kijijini Avalon kulima.

Mjukuu: Na mbona halii? Si wanasema bluzi ni kilio?

Babu: Wanaolia wapo. Msikilize Charley Patton, utadhani koo litachanika. Hurt anaimba kama anazungumza na jirani barazani. Usidanganyike na upole huo, mjukuu wangu. "Louis Collins" ni habari ya mtu aliyeuawa kwa risasi. "Spike Driver Blues" ni kibarua wa reli anayeitua nyundo na kuondoka, maana ameona ilivyomuua mwenzake John Henry. Anayasimulia hayo bila kupandisha sauti, na gumba linakwenda vilevile. Kwangu mimi hapo anawapita wengi wanaopiga makelele.

Mjukuu: Hii mikwaruzo je?

Babu: Ni santuri za zamani hizo, upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, ndiyo maana nyimbo ni fupi. Usipandishe besi ya spika, utalizamisha gumba. Mikwaruzo ikikukera, tafuta "Today!" ya 1966. Ni safi, ila uzee umeshaingia mkononi.

Mjukuu: Alirekodi tena baada ya miaka yote hiyo?

Babu: "Avalon Blues", mojawapo ya nyimbo hizo 13, ndiyo iliyomfichua. Humo alikitaja kijiji chake. Mwaka 1963 Tom Hoskins, mpenzi wa santuri, akalifuata jina hilo mpaka Mississippi, akamkuta Hurt yupo palepale. Mwaka huohuo Hurt akapiga kwenye tamasha la Newport. Alifariki 1966. Na jukwaa la Newport, Bosco wetu alilipanda 1969.