“Utuombee”: Kwa Nini Wakatoliki Huwataka Watakatifu Wawaombee

Twaingia katika mas'ala ambayo wanadarsa wetu wa hapa Chaani wameyauliza zaidi ya mara moja. Chaani si mtaa wa kaumu moja. Kazi za bandari ya Kilindini, za reli na za viwanda vya Changamwe zimewaleta watu wa bara kwa miaka mingi, na miongoni mwao wamo Wakatoliki wengi. Mwislamu na Mkatoliki hukaa nyumba moja, chumba kwa chumba, na ua wao ni mmoja. Jumuiya zao ndogondogo hukutana nyumba kwa nyumba, na mwezi wa Oktoba husali rozari jioni. Jirani aliye upande wa pili wa ukuta husikia majina yakitajwa, jina baada ya jina, na kila jina watu wakiitikia kwa sauti moja: “Utuombee.” Vijana wetu wakisikia hayo huwa wepesi wa kusema, “Hawa waabudu wafu,” na maneno hayo yakifika uani huzaa ugomvi baina ya watu wanaochota maji bomba moja.

Sisi twaona kwamba mwenye kutaka kuirudi kauli ya mtu yampasa kwanza aijue kama mwenyewe anavyoisema. Wanavyuoni wetu wa kale waliandika hoja za wapinzani wao kwa ukamilifu ndipo wakazijibu, na asiyefanya hivyo hupigana na kivuli. Basi tuisikilize kauli ya Wakatoliki.

Ewe ndugu msomaji, lugha yetu yenyewe imeshika ufunguo wa jambo hili. Kati ya “kuomba” na “kuombea” pana irabu moja tu, lakini maana zao ziko mbali. Nikimwomba mtu, nataka yeye anipe. Nikimtaka aniombee, nataka ageuze uso wake kwa mwingine aliye na cha kutoa. Sikiliza litania yao kwa makini utaona kuwa majibu si mamoja. Anapotajwa Mungu watu hujibu, “Utuhurumie.” Anapotajwa Mariamu, au Petro, au Yosefu, hujibu, “Utuombee.” Hawalichanganyi neno la kwanza na la pili, na mtoto anayefundishwa katekisimu hufundishwa tofauti hiyo. Kwa kauli yao, rehema hutoka kwa Mungu peke yake, na mtakatifu ni mwombaji pamoja nao.

Wanavyuoni wa Kanisa la Roma wameyapa mambo haya majina mawili: ibada, ambayo ni ya Mungu tu, na heshima, ambayo hupewa watakatifu. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulishughulika na tofauti hii katika mas'ala ya sanamu na picha. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho mwezi wa Desemba 1563, ulisema kwamba kuwaita watakatifu ni jambo jema na lenye manufaa. Tazama maneno hayo: jema na lenye manufaa. Haukusema ni sharti la wokovu kwa kila mtu. Lau tungelipima kwa istilahi za fiqhi, tungelisema limekaa karibu na mustahabu kuliko faradhi, ingawa mizani ya watu wawili haifanani.

Sasa kwa nini mtu asimwombe Mungu moja kwa moja? Hapa twasikia majibu mawili, na si ya thamani moja. La kwanza ni la mitaani: kwamba mtu mdogo haingii kwa mfalme ila kwa waziri. Mfano huu ni dhaifu, kwa sababu mfalme wa dunia huhitaji waziri kwa kutojua na kwa kuchoka, na Mwenyezi Mungu ametakasika na hayo. Wenye elimu miongoni mwao hawauegemei. Jibu lao ni la pili. Wao husema kwamba waumini wote ni mwili mmoja, na kifo hakikati kiungo katika mwili huo. Kama wewe humwambia jirani yako aliye hai, “Niombee dua,” wala hujamfanya mungu kwa kusema hivyo, basi, wasema, kwa nini akome kukuombea siku alipofika karibu zaidi na Mola wake? Hutaja Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unaowaamuru watu waombeane. Na Ufunuo, sura ya 5, ambamo wazee 24 wa mbinguni washika vitasa vya ubani, nao ubani huo ni sala za watakatifu. Na kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 15, ambamo Nabii Yeremia, aliyekwisha kufa zamani, aonekana ndotoni akiwaombea watu wake.

Wakiulizwa vipi mtu mmoja aweza kusikia sauti za maelfu kwa wakati mmoja, hawajibu kuwa mtakatifu anajua ghaibu kwa nafsi yake. Mwanachuoni wao mkubwa, Thomas Aquinas, wa karne ya 13, alisema kwamba walioko mbinguni huona katika kumwona Mungu yale yanayowahusu, yaani hujulishwa.

Na wala Manasara wote hawakukubaliana. Waanglikana, ambao wamekuwa nasi upande wa bara wa Mombasa tangu misheni ya Frere Town ilipojengwa Kisauni mwaka 1875, wameikataa desturi hii katika ibara ya 22 ya zile ibara zao 39. Waprotestanti kwa jumla hutaja Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, kwamba mpatanishi ni mmoja, na kitabu cha Wamakabayo hawakihesabu katika Biblia. Hitilafu hii yaonekana wazi Namugongo, Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 Kabaka Mwanga aliwachoma moto pale Wakatoliki na Waanglikana katika siku moja. Charles Lwanga na wenziwe, Wakatoliki 22 kwa jumla ya waliouawa baina ya 1885 na 1887, walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana waliokufa nao hukumbukwa na kanisa lao kwa shukrani, lakini hawaambiwi “utuombee.” (Tusisahau na sisi kwamba miaka kama kumi kabla yao, Kabaka Mutesa aliwachoma pale pale vijana Waislamu waliokataa kula nyama isiyochinjwa kisharia. Ni Waislamu wangapi wa pwani wanaolijua hilo?)

Wala si kila mtu mwema hutajwa katika litania. Papa Urban VIII, mwaka 1634, alikataza mtu kuheshimiwa hadharani kama mtakatifu kabla Roma haijaidhinisha. Jambo hili latugusa Mombasa. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf bin Hassan, sultani aliyebatizwa Goa kwa jina la Jerónimo Chingulia kisha akarudi katika Uislamu, aliingia Ngome na kumuua kapiteni wa Wareno, na baada yake wakauawa Wareno wengi pamoja na Waafrika waliobatizwa. Habari zao zilichunguzwa Goa ili wahesabiwe mashahidi wa dini, lakini karne zikapita bila ya wao kupewa daraja ya utakatifu.

Mtu asiyeuawa kwa ajili ya dini hutakiwa muujiza uliotokea baada ya watu kumtaka awaombee, na muujiza huo huchunguzwa kwa mashahidi kama katika mahakama. Mfano wa Kenya ni mtawa Irene Stefani, Mtaliana wa shirika la Consolata, ambaye katika Vita Vikuu vya kwanza aliwauguza wapagazi wa Kariakoo katika hospitali za Voi, Kilwa na Lindi. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alikufa kwa tauni Gikondi, Nyeri, mwaka 1930. Muujiza uliokubaliwa ulitokea Nipepe, Msumbiji, mwezi wa Januari 1989: watu waliokimbilia kanisani wakati wa vita walimtaka awaombee, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakasemwa kuwa yaliwatosha kwa siku kadhaa. Kwa hayo alitangazwa Mwenye Heri, Nyeri, tarehe 23 Mei 2015. Wao hawasemi Irene aliyaongeza maji. Wasema aliomba, na Mungu akaongeza.

Hiyo ndiyo kauli yao. Na sisi twaikataa, lakini tuikatae mahali pake. Kumwita Mkatoliki mwabudu wafu si jibu, maana atakuonyesha litania yake na utanyamaza. Swali la haki ni hili: je, Mwenyezi Mungu amewaidhinisha walio hai kuwaambia waliokufa, “Tuombeeni”? Shufaa kwetu haipo ila kwa idhini Yake, kama ilivyo katika Ayatul-Kursiy, na aya ya 186 ya Suratul-Baqara yatangaza ukaribu Wake kwa mwenye kumwomba. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar, watu walipopatwa na ukame, aliomba mvua kwa kumtanguliza Abbas, ami yake Mtume, aliyekuwa hai. Wenye kujuzisha tawassul kwa waliokufa hujibu kwamba kitendo hicho hakikatazi kingine. Sisi twaona kwamba kumwacha kaburini aliye bora wa viumbe na kumwendea ami yake aliye hai si jambo dogo.

Lakini nani miongoni mwetu atasimama mbele ya jirani na hoja hii, na mamaake yu katika safari ya kuzuru kaburi la sharifu? Wako wazuru wanaosema kaburini, “Niombee,” na hao kauli yao ni ile ile ya jirani yetu wa Oktoba. Na wako wanaosema, “Nipe mtoto,” “Niondolee deni.” Hao wameiangusha ile irabu moja, na hata kasisi wa Roma asingelikubali maneno yao.